Kilomita elfu tisa za uongo

Pikipiki yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu ya namba. Mita ilisoma 9,400, tangi linang'aa, mwenyewe anaapa injini haijawahi kufunguliwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na ile ilikuwa imejitembeza vizuri. Nikalipa.

Wiki ya tatu nikaipeleka kwa fundi, mzee mmoja asiye na haraka na mtu. Akachuchumaa, akashika pedali ya gia, akacheka peke yake. "Kijana, raba imeliwa hadi chuma. Kilomita elfu tisa ndizo zimeila hivi?" Halafu akanionyesha nati inayoshika waya wa mita pale kwenye gurudumu la mbele. Ilikuwa na makovu ya koleo pande zote. Kwenye mita za sindano za aina ile, waya huo ndio unaozungusha namba. Ukiuchomoa, utatembea mwaka mzima na mita imelala usingizi. Mita za dijitali nazo zisikutie moyo, maana nazo huchezewa, au hung'olewa nzima ikawekwa nyingine.

Siku hizi mita naisoma mwisho. Naanza na vile vinavyoguswa na mwili: raba za kukanyagia, pedali ya breki, pedali ya gia, vishikio vya mikono, kiti pale mapaja yanapokaa. Tangi hupakwa rangi, ila pedali husahaulika. Na asiyesahau naye nina swali lake: kama pikipiki imetembea elfu tano tu, raba zilizotoka nayo kiwandani zimeenda wapi?

Tairi nalo lina tarehe yake. Ubavuni tafuta herufi DOT, kisha tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nikikuta tairi la nyuma lina umri mdogo kuliko pikipiki kwa miaka minne, na mita inasema elfu tatu, sihitaji shahidi mwingine.

Kwenye cheni ndipo ninapokaa muda mrefu, hadi wauzaji wengine hukereka. Nasimama nyuma, nashika cheni pale inapozunguka mgongo wa sproketi kubwa, lile gurudumu la meno la nyuma, naivuta kuja kwangu. Ikiinuka hadi nusu ya jino ikaonekana, imekwisha. Na meno yakishalala upande mmoja kama mapezi ya papa, sproketi imekwisha pia. Hilo peke yake halinifukuzi, kwani cheni na sproketi hubadilishwa. Kinachonitisha ni cheni kavu yenye kutu. Mtu aliyeshindwa kutia mafuta kwenye kitu anachokiona kila siku, oili ya ndani asiyoiona aliimwaga lini?

Injini naitaka baridi, maana yenye moto huficha kasoro za kuwaka. Namwambia muuzaji kabisa kwamba asiiwashe kabla sijafika, na tukiwa bado tunasalimiana mkono wangu uko kwenye injini. Nikikuta ina moto, naomba tusubiri ipoe. Hana haraka? Vizuri. Ana haraka sana? Vizuri pia, nimeshajua. Ikiwashwa, moshi wa bluu unaotoka kidogo mwanzoni kisha ukakata mara nyingi ni sili za vali, vile viraba vinavyozuia oili isipenye kwenye vali, zimechoka. Ukiongezeka kila unapovuta mafuta, fikiria ringi za pistoni, zinazozuia oili isipande inakoungulia petroli. Mvuke mweupe wa asubuhi unaopotea injini ikipata moto usikukoseshe usingizi.

Mengine ni ya dakika mbili. Kandamiza shokapu za mbele uone kama zinaacha oili kwenye nikeli. Inua gurudumu la mbele, geuza usukani polepole: ukinasa katikati, beringi za usukani zimekwisha. Linganisha namba ya fremu na ya kwenye kadi. Hapo sina mjadala, zikitofautiana naondoka.

Ile ya uongo niliiuza, na aliyeinunua nilimwambia yote. Kabla ya kupata hii ya sasa nilionyeshwa moja ya kilomita 4,000 za kweli kabisa, ila ilikuwa imesimama miaka sita chini ya turubai. Tangi lina kutu, kabureta imeganda, sili zimekauka. Niliiacha, nikachukua yenye 61,000. Rafiki zangu walidhani nimerogwa. Lakini mwenyewe alinipa daftari la shule lililopakaa oili, kila sevisi ina tarehe na kilomita zake, hata siku aliyosahau aliandika "nimechelewa 800".

Niliendeleza daftari hilohilo. Mstari wangu wa kwanza unasomeka: 61,380, oili mpya, vali zimepimwa, cheni imekazwa. Raba ya gia imeliwa hadi chuma, na safari hii mita inakubali.