Mwalimu Magadi

Mi nilijua naenda kufundisha. Pale usharikani kwetu Tabata walivyotangaza wanatafuta vijana wa kujitolea kambi ya watoto wa kipaimara huko Lushoto, siku 6, mwezi wa 7, nikanyoosha mkono fasta maana nilishajiona nimekaa kwenye gogo jioni, moto unawaka, mtu anapiga gitaa na madogo wananisikiliza habari za Daudi na Goliathi. Mkono ukiwa bado juu ndo wanaongeza kwamba kila anayejitolea anachangia 30,000 ya chakula. Yaani nafanya kazi bure na nalipia juu. Nikalipa.

Mpaka Mombo sina la kusimulia, joto ni lilelile la Dar. Kuanzia hapo gari linapanda, kona juu ya kona, bonde liko upande wangu na konda hana habari anahesabu hela zake, ni kilometa 30 na kitu tu lakini unafika Lushoto masikio yameziba na umeshatafuta sweta. Kutoka Lushoto hadi kambini boda kanitoza 15,000, alafu kesho yake mwenzangu ananiambia yeye katoa 6,000 njia hiyohiyo. Nahisi ni lile begi langu la magurudumu ndo liliniponza, huko mlimani hata pa kuliburuza hakuna.

Kambi yenyewe ni madarasa mawili ya zamani, magodoro chini, umeme hakuna, maji ya kuoga yana baridi mpaka unasahau jina lako. Na vyoo vya shimo viwili kwa watoto 90. Hivyo vyoo naomba uvikumbuke.

Mwinjilisti akaangalia karatasi yake akasema walimu wametosha, "ila jikoni kuna upungufu, ndugu yangu." Jikoni nikamkuta mama mmoja wa Kisambaa, nikajitutumua na "onga mshi" niliyofundishwa na yule wa boda, akacheka akanipa shoka. Siku mbili nikapasua kuni za mkaratusi ambazo kwa ule ukungu haziwaki, zinatoa moshi tu, ukipuliza unalia kama umefiwa.

Siku ya tatu mama akaitwa msibani kijiji cha pili. Mahindi yaliyokobolewa na maharage alishabandika, akaniambia mwanangu we chochea tu, yakichelewa kuiva tia magadi kidogo, akanionyesha mfuko, akaondoka. Saa 5 maharage magumu kama changarawe. Saa 6 watoto wameanza kupita pita mlangoni na sahani. Saa 7 mchungaji mwenyewe kachungulia, hakusema kitu, na ndo ikaniuma zaidi. Sasa magadi kidogo kwa watu 90 ni kiasi gani? Nikaona huyu mama kazoea kupikia familia, sufuria hili linataka la maana, nikatupia madonge manne, makubwa, kama yalivyo.

Yaliiva bwana, asikwambie mtu. Nusu saa maharage yakawa uji, rangi ya matope, harufu kama mtu kafua. Nikatia chumvi, nikatia vitunguu, nikatia maombi. Watoto walivyokuwa na njaa walikula wakamaliza, wanatema mchanga wanaendelea. Wa kwanza kutoka na tochi ilikuwa saa 3 usiku. Kufika saa 5 foleni imetoka chooni imezunguka darasa la wasichana, watu wamejifunga mablanketi kwenye baridi ile, wengine washakata tamaa wanakimbilia migombani, na mi ndo nimesimama na taa naongoza foleni, kila anayepita ananiangalia. Dogo mmoja wa kama miaka 14 akaniuliza, "Mwalimu, haya makande ulitia Omo?" Sikuwa na jibu.

Mama aliporudi alionja kilichobaki akakaa chini akacheka hadi machozi. Kumbe magadi unaloweka, unachuja, unatumia yale maji ya juu, mchanga unaubwaga. Akaniuliza, kwenu hampiki? Tunapika, makande nimekula tangu nina akili, ila yanakujaga mezani. Mama yangu anaamka saa ngapi kubandika maharage sijawahi kujua, kwetu wanaume tunaingia jikoni kutafuta maji ya kunywa. Hata karoti na kabichi za sokoni Ilala, ndo nimeziona huko zinalimwa kwenye miteremko ambayo mi kusimama tu nashikilia mti, alafu nikiwa Dar nalalamika fungu limepanda.

Siku zilizobaki ni kuni na masufuria, sikuruhusiwa kugusa mfuko. Usiku wa mwisho kweli moto uliwashwa, na gitaa lilikuwepo, lina nyuzi nne. Nikaitwa niseme neno, kabla sijafungua mdomo madogo wote wakapiga kelele "Mwalimu Magadi!" na habari za Daudi zikaishia hapo.

Asubuhi ya kuondoka yule mama akanifungia donge moja kwenye gazeti, nimpelekee mama yangu. Nimemfikishia na stori yote. Limewekwa kabati la juu kabisa, mi nimekatazwa kulisogelea.