Mboni ya mama ilitutisha bure

Jana nilimpeleka mama kliniki ya macho. Ana presha ya macho, kwa hiyo kila mwaka anapimwa upana wa kuona: unaweka kidevu kwenye mashine, jicho moja limezibwa, unakodolea nukta ya katikati ndani ya kitu kama bakuli kubwa jeupe, na kila ukiona kimwanga unabonyeza kitufe. Mama anakichukia kile kitufe. Anasema anajiona yuko kwenye mtihani wa darasa la saba.

Karatasi ya majibu ikatoka nyeusi kuliko ya mwaka jana, na weusi ni pale asipoona vizuri. Moyo ukanilipuka. Nikasema ndiyo basi, macho yanakwenda.

Daktari akashusha kidole taratibu mpaka pembeni: mboni, milimita 2. Ya mwaka jana, milimita 4. "Mama, yale matone mapya uliyopewa ni pilokapini?" Ndiyo yenyewe. Kumbe inabana mboni! Na mboni ikipungua upana nusu, mwanga unaoingia unabaki robo, si nusu (hesabu za duara hizo, shuleni niliziona hazina kazi). Basi vile vimwanga hafifu vinampita mtu hata kama mshipa wa fahamu wa jicho haujaharibika zaidi.

Wakamtia matone ya kupanua mboni, tukasubiri, akarudia. Karatasi ikaja karibu sawa na ya mwaka jana.

Sasa analalamika jua linamchoma. Amechukua miwani yangu nyeusi na hana dalili ya kuirudisha.