Kuendesha Subaru STI kwa upole mjini Arusha: namna nilivyoitunza injini

Nilipoanza kulitumia Subaru Impreza WRX STI langu kwa safari za kila siku kati ya Njiro na katikati ya mji wa Arusha, karibu kila mtu anayeyajua magari haya alinionya kwamba injini yake itakufa kwa kuendeshwa taratibu. Hoja yao ilikuwa moja: injini ya lita 2.0 yenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya silinda), iliyoundwa kutoa nguvu farasi 280 kwenye mizunguko 6,400 kwa dakika na kuruhusiwa kufika 8,000, ikishindishwa kati ya 2,000 na 3,000 itajaa kaboni, ringi za pistoni zitaganda na plagi zitakufa. Fundi wangu alisema waziwazi, "Dada, gari hili linataka kukanyagwa." Gari hili ninalipenda, na injini ya pili, hata ile iliyotumika inayoletwa kutoka Japani, ina gharama kubwa. Kwa hiyo niliamua kulichunguza jambo lenyewe kabla ya kumtii mtu yeyote.

Nilichokibaini mapema ni kwamba watu huchanganya mambo mawili, yaani mizunguko midogo na mzigo mkubwa. Injini inayozunguka mara 2,000 kwa dakika huku mguu ukigusa kanyagio kwa wepesi haiumii hata kidogo, kwa kuwa mwako ndani ya silinda ni mdogo, joto ni la kawaida na oili inafika kila mahali. Hatari huanza pale dereva anapokuwa kwenye gia kubwa, mizunguko iko chini, kisha anakanyaga mafuta hadi mwisho ili apande mlima au alipite lori. Kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, huelea ndani ya beringi zake juu ya utando mwembamba wa oili, na utando huo hujengwa na kuzunguka kwa kranki yenyewe. Ikizunguka polepole huku pistoni zikisukumwa kwa nguvu kubwa, utando hupungua na chuma hukaribia kugusana na chuma. Zaidi ya hapo, mchanganyiko wa mafuta na hewa hukaa muda mrefu zaidi kwenye joto na mgandamizo, nao huweza kulipuka wenyewe kabla ya wakati wake, jambo ambalo mafundi wetu huliita injini kugonga. Kwa STI za Japani suala hili lina uzito wa pekee, kwa sababu zilirekebishwa kwa petroli ya kule ya daraja la juu yenye oktani (kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kulipuka yenyewe) inayofikia 100, na petroli ya vituo vyetu haifiki hapo. Kompyuta ya gari husaidia kwa kuchelewesha cheche inaposikia injini ikigonga, lakini mimi sipendi kuiachia kompyuta kazi ambayo mkono wangu unaweza kuifanya kwenye gia.

Kwa hiyo nilifanya hesabu za gia. Kwa uwiano wa gia na ukubwa wa matairi ya gari langu, mwendo wa kilomita 50 kwa saa kwenye gia ya sita ni mizunguko isiyofika 1,300. Kwenye gia ya nne ni karibu 2,200, na kwenye ya tatu ni karibu 2,900. Barabara ya kutoka Njiro hupanda kuelekea mjini, ingawa si kwa ukali, na hapo ninatumia gia ya tatu, nikishika ya nne pale tu barabara inaponyooka na hakuna foleni. Gia ya tano na ya sita sizigusi kabisa ndani ya mji. Wapo wanaoamini kwamba gia kubwa daima hupunguza matumizi ya mafuta na kuipumzisha injini, lakini kwenye mlima imani hiyo huigharimu injini, na ukikaza masikio utausikia mngurumo mzito na kuhisi mtikisiko mdogo kwenye usukani kabla hata ya injini kuanza kugonga.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloua injini nyingi za namna hii kimyakimya, ni safari fupi. Asubuhi za Juni na Julai Arusha huwa na baridi kali. Mshale wa joto la maji hufika katikati baada ya dakika chache na dereva huamini kwamba injini imepata moto, ilhali oili bado iko nyuma sana. Mwako huzalisha mvuke wa maji, na injini ikiwa baridi sehemu ya mvuke huo pamoja na petroli isiyoungua hupenya kando ya ringi na kushukia kwenye oili. Oili ikipanda hadi karibu nyuzi 90 au 100 na kukaa hapo kwa muda, maji hayo huondoka kama mvuke na petroli nayo hupungua. Ikizimwa kabla, vyote hubaki. Julai moja nilifungua kifuniko cha kujazia oili nikakuta upande wa ndani umepakwa utando wa rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai, mlaini, unaofutika kwa kidole. Maji ya rejeta yalikuwa hayajapungua na hayakuwa na mafuta juu yake, kwa hiyo gasketi inayotenganisha maji na oili ilikuwa salama. Ulikuwa ni unyevu wa safari fupi tu. Nilipoivuta stiki ya oili na kuinusa, petroli ilisikika.

Nilimwomba fundi atoe plagi zote nne. Kwenye injini ya pistoni zilizolala kama hii ya Subaru, kazi hiyo huhitaji kuondoa betri upande mmoja na boksi la chujio la hewa upande wa pili, kwa hiyo wengi huiahirisha. Zote zilikuwa na masizi makavu, meusi kama sufuria ya jiko la kuni, yasiyo na oili, dalili kwamba ringi zilikuwa nzima ila plagi hazikuwa zikipata joto la kutosha. Plagi hujisafisha yenyewe ncha yake inapopita nyuzi 450 hadi 500 hivi. Tulipoisoma namba iliyopigwa juu yake tulikuta kwamba mmiliki wa kwanza, huko Japani, alikuwa ameweka plagi za baridi zaidi kuliko za kiwandani, yaani zinazopoteza joto haraka, zile zinazowafaa watu wa mashindano. Nilirudisha plagi za kiwango cha kiwandani, na masizi hayajarudi kwa kiasi kile.

Baada ya hapo nilipanga utaratibu ambao ninaufuata hadi leo. Nimefunga geji ya joto la oili, na kabla haijafika nyuzi 80 sivuki mizunguko 3,000. Oili ninaimwaga kila kilomita 4,000, kwa kuwa foleni na safari fupi huichosha hata kama odometa haijasogea sana, na kila wiki ninapima kiwango chake, maana injini hizi hunywa oili na beringi zake hazisamehi upungufu. Mwisho wa juma ninalipeleka gari barabara ya Makuyuni au ya Namanga kwa muda wa kutosha kuipasha oili sawasawa. Hakuna haja ya kuvunja sheria wala kuogopa tochi za trafiki: gia ya tatu kwa kilomita 80 kwa saa ni mizunguko ipatayo 4,600, na hapo tabo inafanya kazi yake, ringi zinasogea na plagi zinapata moto. Mara kadhaa, barabara ikiwa wazi, ninapanda taratibu hadi hapo na kushuka. Kufika 8,000 sijaona sababu.

Wenye injini nyingine wasiyachukue haya kama yalivyo. Mazda RX-8, yenye injini ya rota, kweli huhitaji mizunguko mikubwa mara kwa mara, na kuiwasha ikiwa baridi ili kuisogeza hatua chache kisha kuizima kunaweza kuifurisha petroli hadi isiwake. WRX za kuanzia 2014 zenye injini ya FA20 hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kwa hizo, mwako wa mapema, yaani unaoanza kabla ya cheche, kwenye mizunguko midogo chini ya mzigo ni tishio halisi, na oili ya kiwango cha API SP, kilichotoka 2020, iliundwa ikizingatia tatizo hilo. Kaboni inayojikusanya kwenye vali zake za kuingizia hewa haiondoki kwa kukanyaga, kwa sababu petroli haizioshi vali hizo. Hutolewa kwa kazi ya fundi.

Mwaka huu tulipima mgandamizo wa silinda injini ikiwa moto, na zote nne zilikaribiana. Fundi aliandika vipimo hivyo kwenye kitabu cha sevisi, akaniuliza namba ya plagi, kwa kuwa ana mteja mwingine mwenye STI anayeishi Sakina na kufanya kazi mjini.