Alama za timu katika Hisabati, Darasa la Tano: kumbukumbu ya mradi wangu

Januari

Darasa lina wanafunzi 54, nami nimeunda timu tisa za watoto sita sita, kila timu ikiwa na jina la mto: Rufiji, Pangani, Wami, Ruvu, Ruvuma, Kagera, Mara, Malagarasi na Ruaha. Sikufuata urafiki wala mpangilio wa madawati. Niliyapanga majina yote kwa matokeo ya mtihani wa kufunga mwaka, kuanzia wa juu hadi wa chini, kisha nikayagawa ili kila timu ipate mtoto anayefanya vizuri sana, anayehitaji msaada mkubwa, na wanne wa katikati, wasichana na wavulana wakiwa wamechanganyika.

Shabaha yangu ni wale watoto wanaokaa kimya kipindi kizima wakisubiri jibu liandikwe ubaoni ili walinakili. Nataka waone kwamba kuna watu watano wanaowategemea, na kwamba wana kitu cha kuchangia.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya maandalizi yangu imekwenda kwenye kanuni ya kutoa alama. Timu zikipewa alama kwa majibu sahihi tu, mtoto mzito wa Hisabati anageuka kuwa hasara, na wenzake hawachelewi kumwonesha hivyo. Nimechukua njia ya Robert Slavin, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, aliyeeneza mbinu za kujifunza kwa timu tangu miaka ya 1970. Kila mwanafunzi ana alama yake ya msingi, yaani wastani wa majaribio yake yaliyopita kwa asilimia, na mchango wake kwa timu hupimwa dhidi ya msingi huo. Anayeupita kwa zaidi ya alama 10 huiletea timu 30. Anayeufikia au kuupita kwa alama zisizozidi 10 huleta 20. Anayeshuka kwa alama zisizozidi 10 huleta 10. Anayeshuka zaidi ya hapo huleta 5. Anayepata 100 huleta 30 vyovyote vile, ili mwenye msingi wa juu asikose nafasi ya kupanda.

Kwa hiyo mtoto mwenye msingi wa 35 akipata 47 anailetea timu 30, wakati mwenzake mwenye msingi wa 88 akipata 84 analeta 10. Niliifanya hesabu hii ubaoni mbele ya darasa zima, hatua kwa hatua, kwa sababu watoto hawataiamini alama wasiyojua imetoka wapi.

Februari

Mada ni kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Mpangilio wa wiki umetulia: nafundisha, timu zinafanya mazoezi pamoja, na Ijumaa kila mtu anafanya jaribio peke yake bila msaada wowote. Katika mazoezi kuna sharti moja tu, kwamba timu haijamaliza hadi kila mmoja wake aweze kunieleza njia, na anayeeleza namchagua mimi.

Sharti hilo ndilo linalobeba mradi. Nilisimama karibu na timu ya Wami, ambapo msichana mmoja alikuwa amejumlisha 1/4 na 1/6 akapata 2/10, kwa kuunganisha kiasi na kiasi, asili na asili. Mvulana aliyekuwa ameshapata jibu sahihi alianza kumsomea hatua, akakatizwa na mwingine: "Usimpe jibu, Mwalimu atamwuliza yeye." Basi wakamtaka aandike vigawe vya 4 na vya 6 katika mistari miwili, moja chini ya nyingine, na alipofika kwenye 12 katika mistari yote miwili aliizungushia duara mwenyewe. Nilipomwita aeleze, alianza na duara lile, akaenda hadi 5/12 bila kutazama daftari la mtu.

Ubao wa matokeo ni karatasi ya manila ukutani, na unaonesha wastani wa timu peke yake. Alama ya mtoto mmoja mmoja hubaki katika daftari lake na langu. Timu yoyote inayofikia wastani wa 20 hutajwa mstarini Jumatatu asubuhi, hata zikifikia zote tisa. Sitoi zawadi ya fedha wala peremende.

Machi

Mwalimu mwenzangu amependekeza nizikate alama timu zinazopiga kelele. Pendekezo lenyewe lina msingi: mwaka 1969, huko Kansas, Barrish, Saunders na Wolf walichapisha utafiti wa darasa la nne lililogawanywa timu mbili, ambapo mwalimu aliweka alama ubaoni kila mwanafunzi alipozungumza bila ruhusa au kuondoka kwenye kiti chake, na utovu huo ukapungua sana. Timu zote mbili ziliweza kushinda kwa pamoja iwapo hazikuvuka kikomo. Naithamini mbinu hiyo, lakini sitaichanganya na alama za Hisabati, kwa kuwa mtoto aliyepanda kutoka 35 hadi 47 hastahili kuona mchango wake ukifutwa na kelele za jirani yake. Nikihitaji hesabu ya nidhamu, itakuwa na karatasi yake.

Aprili

Utoro wa msimu wa mvua ulinifanya nishukuru kwamba natumia wastani, si jumla: nagawanya kwa idadi ya waliofanya jaribio, hivyo timu haiadhibiwi kwa sababu mto umefurika na mwenzao hakuweza kuvuka. Hata hivyo, anayerudi hufanya jaribio lake Jumatatu, lisije likazuka wazo kwamba ni afadhali mtu fulani abaki nyumbani.

Baada ya likizo fupi nitaunda timu upya na kukokotoa misingi mipya, kwa sababu wengi wameshaipita ile ya Januari. Mada inayofuata ni desimali, na kazi ya kutafuta wastani wa timu nitawaachia makatibu wa timu wenyewe, kila katibu akikagua hesabu ya timu jirani kabla haijaandikwa kwenye manila.