Suruali ya yule mtoto wa Chicago

Wiki iliyopita 21 Mei nilimsindikiza mama kule Igoma kwenye makaburi ya MV Bukoba. Yeye huwa hakosi, tunaoruka ruka ni sisi watoto wake, mara kazi mara safari, na mimi nina ile sababu nzuri zaidi kwamba miaka miwili nilikuwa nje nasoma.

Kwa msiojua, baba mdogo alikuwa kwenye ile meli. Alienda Bukoba kumsalimia bibi, akawa anarudi Mwanza na mikungu yake ya ndizi, daraja la tatu. Meli iliondoka Bukoba jioni ya tarehe 20, ikapitia Kemondo ikaongeza watu na mizigo, asubuhi ya 21 Mei 1996 ikiwa imeshakaribia kabisa Mwanza ikapinduka. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Waliokufa wengine wanasema mia nane na kitu wengine wanafika 1,000, na hapo ndipo kwetu panapouma, kwa sababu daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Baba mdogo hakuonekana. Baba na mama walizunguka siku nzima, kesho yake tena, wakafunua shuka hadi mama akaanza kutapika, wapi. Mkapa akatangaza siku tatu za maombolezo, ila nyumbani msiba ulikaliwa sehemu mbili, maana bibi alikataa kata kata kuvuka maji tena na ukitoka Bukoba kuja Mwanza kwa gari enzi zile lazima upande kivuko pale Busisi, labda uzunguke Kahama huko. Basi bibi akalia kwake na sisi tukalia kwetu.

Mimi nilikuwa na miaka mitatu, sikumbuki chochote, nimeyajua yote haya kwa kusikia watu wazima wakiongea wakidhani nimelala.

Sasa 2018 nikapata skolashipu ya masta Chicago. Sijamaliza hata wiki sita, naamka alfajiri naangalia simu, grupu la familia lina meseji mia na ushee. 20 Septemba, kivuko cha MV Nyerere kimezama kisiwani Ukara, mita chache tu kabla ya kufika gatini Bwisya. Siku ya gulio Bugolora kilikotoka, kivuko cha watu 101, mwisho wa yote wakahesabu 228 waliokufa. Nilikaa kitandani nikashindwa hata kuvaa viatu. Mwenzangu wa chumba akaniuliza una ndugu mle? Nikasema hapana. Akasema aah afadhali, akaenda kuoga. Sio mtu mbaya jamani, na kweli sikuwa na ndugu mle, ila ningemwelezaje kwamba kwa mtu wa Mwanza meli ikizama imezama ileile? Nyumbani siku kama hiyo huhitaji kueleza, unatoka nje unakuta jirani kasimama tu mlangoni redio imefunguliwa, mnaangaliana, basi. Kule nilienda darasani nikakaa nyuma. Siku mbili baadaye walipomtoa yule fundi wa kivuko akiwa hai nilipiga kelele maktaba, wakaniangalia kama kichaa.

Halafu ikaja 21 Mei 2019. Saa tatu asubuhi ya Mwanza kule ni saa saba usiku, mama akanitumia voisi kutoka makaburini, hakusema kitu, ni upepo tu na watu wanaimba. Sikulala tena. Mchana nikatoka kutembea, nikafuata mto wa Chicago, na pale karibu na barabara ya LaSalle nikakuta kibao cha kumbukumbu. Meli inaitwa Eastland. 24 Julai 1915. Watu 844.

Nilisoma nikadhani nimekosea. 844 kwenye mto ambao mimi hata sio mwogeleaji naona naweza kuuvuka! Na meli ilikuwa haijaondoka, imefungwa gatini, imebeba watu zaidi ya 2,500, wafanyakazi wa kiwanda na familia zao wanaenda pikiniki. Ikalala ubavu. Nilivyochimba zaidi nikakuta kwamba baada ya Titanic iliongezewa boti za kuokolea watu, na uzito ule juu nao ukachangia kuifanya iyumbe. Wale waokoaji walikata bati la ubavuni kwa moto wakatoa watu wakiwa hai. Hapo nikakumbuka yetu, ilivyokuwa imeelea kichwa chini, watu ndani wanagonga wanasikika, bati likakatwa, hewa iliyokuwa inaishikilia ikatoka na meli ikaenda nayo chini. Tendo lilelile. Ile ya Chicago ilikuwa imelala kwenye maji ya kina kifupi, ya kwetu ilikuwa imeshikwa na hewa peke yake.

Haya yote sikuwahi kumwambia mama. Nimerudi siku nyingi tu, lakini kila nikitaka kuanza naona kama namletea habari za Wazungu kwenye msiba wake. Wiki iliyopita tumekaa pale Igoma kwenye kivuli, kofia yangu kaichukua anajipepea, nikajikuta tu namsimulia. Nikamwambia kuna mtoto wa kiume alibaki mwisho, hajulikani, akapewa namba 396, kila mtu anapita hamjui. Kumbe baba mama na dada yake wote walikufa mlemle, nani angemtambua? Mpaka bibi yake akaja na suruali, kwamba mtoto alinunuliwa suti mpya yenye suruali mbili, moja kaivaa nyingine imebaki nyumbani. Wakazilinganisha. Zikafanana.

Mama akaacha kujipepea.

"Alimpata?"

"Alimpata."

Akanyamaza muda. Kwenye barabara ya Musoma daladala zinapiga honi, kondakta anaita Kishiri Kishiri. Nikaanza kujuta kwa nini nimesema.

"Shemeji alikuwa na shati la draft," akasema, "bluu. Nililipiga pasi mimi siku anaondoka." Miaka yote hiyo sijawahi kulisikia hilo shati. "Na huyo mtoto ulisema namba ngapi?"

"396."

"Huyu wetu hata namba hakupewa."

Akanyanyuka akakung'uta kitenge, akanirudishia kofia, akauliza kama nina hela ndogo ya daladala maana yeye ana elfu kumi nzima na makondakta wa siku hizi hawana chenji.