Nazi Kumi na Mbili za Siku ya Mwaka

Saa nne usiku. Nimekaa barazani kwa mama, Makunduchi, kusini mwa Unguja, na bega langu la kulia linauma kwa kukuna nazi. Kusi inavuma, minazi inapiga kelele juu ya bati, na kwa mbali ngoma bado inalia upande wa uwanjani. Wanangu wawili wamelala ndani kwenye jamvi moja na watoto wa kaka yangu, miguu ya huyu kichwani kwa yule, moshi wa kibanda kilichochomwa juzi bado uko kwenye nywele zao. Leo ni siku ya tatu ya Mwaka, sherehe yetu ya mwaka mpya. Kesho ndiyo ya mwisho, keshokutwa tunapanda boti kurudi Dar. Naandika sasa kwa sababu nikifika kule najua nitaanza kufua na kupiga pasi sare za skuli, na haya yatanitoka.

Miaka miwili sikuja. Watu nimewaambia kazi, nauli, watoto. Ukweli ni kwamba sikutaka kuonana na wifi yangu.

Mama aliugua. Kaka yuko baharini siku nyingi, kwa hiyo mzigo wote ulimwangukia mkewe. Mimi nilikuwa Dar, natuma hela kila wiki, na moyoni nikijiona nimetimiza. Siku moja nikalalamika kwenye simu kwamba dawa fulani haijanunuliwa wakati hela nimetuma. Wifi akanijibu: "Hela haimgeuzi mgonjwa kitandani." Nikamjibu neno ambalo sitaliandika hapa. Alikata simu. Mama akapona, alhamdulillahi, lakini mimi na wifi tukabaki kusalimiana kwa kupitia kwa kaka.

Mwezi uliopita mama alinipigia mwenyewe. Hakusema habari ya wifi hata kidogo. Alisema, "Mwaka jana nilipika, nikatandika, nikakaa mlangoni mpaka Magharibi. Hakuja mgeni hata mmoja. Njoo uniletee wageni."

Kwa asiyejua, hilo kwetu ni jambo zito. Siku ya Mwaka mlango wa Makunduchi haufungwi. Mtu yeyote anayepita, awe wa mjini, wa bara au mzungu aliyekuja kupiga picha, anakaribishwa ndani, anatandikiwa, anakula. Nyumba iliyokosa mgeni siku hiyo inauanza mwaka vibaya. Mama yangu mwenye miaka sabini na kitu alikaa mlangoni na wali wake ukapoa, na mimi nilikuwa safari ya boti ya saa mbili tu kutoka pale. Nilikata tiketi siku ileile. Nne: mimi, mume wangu na watoto.

Kabla ya safari nilikwenda Kariakoo kumnunulia wifi kanga, na wanawake mtanielewa nikisema nilizunguka nusu siku. Ukimpa kanga mtu mliyegombana naye, haangalii rangi, anasoma jina. Nilishika moja imeandikwa "Wema hauozi", nikairudisha. Ataona namsimanga kwa zile hela. Nyingine zote niliziona zina fumbo. Mwisho nikakuta ile ya zamani, mama zetu wote waliivaa: "Sisi sote abiria dereva ni Mungu." Nyekundu na nyeusi. Nikachukua doti moja.

Tulishuka bandari ya Malindi, mjini Unguja, tukapanda daladala ya Makunduchi. Njia ile naijua kwa kufumba macho: miembe mikubwa ya Bungi iliyokutana matawi juu ya barabara, halafu msitu wa Jozani, ambapo gari zinapunguza mwendo kwa ajili ya kima punju, halafu ardhi inabadilika, udongo unakwisha na mawe ya matumbawe yanaanza. Huku kwetu ni maweni. Mtu analima katikati ya mawe, anatia mbegu kwenye kitundu chenye udongo wa kujaza kiganja. Mume wangu ni mtu wa Morogoro, amezoea udongo mweusi. Alichungulia dirishani muda mrefu kisha akauliza watu wa huku wanaishije. Nikamwambia: bahari, minazi, mwani, makumbi, na kusaidiana.

Mtoto wangu mkubwa, ana miaka tisa, alikuwa na swali lake tangu kwenye boti. Mwaka mpya ni Januari, sasa huu wa Julai ni upi? Nilijaribu kumweleza nikashindwa, nikamwachia mjomba wangu, ambaye ni mzee na anapenda kuulizwa.

Mjomba alimkalisha kwenye kigogo akamwambia hivi. Mwaka wetu una siku 365, basi. Hauna ile siku ya nyongeza ambayo kalenda ya ukutani inaongeza kila baada ya miaka minne. Kwa hiyo ukiufuata kwa kalenda ya ukutani, Mwaka wetu unarudi nyuma siku moja kila miaka minne. Enzi za babu zake mjomba ulikuwa ukiangukia Agosti, na mwanangu akiishi umri mrefu atauona ukisogea zaidi. Wazee wameuita pia Nairuzi, neno la Kiajemi, maana yake siku mpya, na watu wa huku tangu zamani wanajiita Washirazi. Wairani wenyewe wanaifanya Nairuzi yao mwezi wa Machi kwa sababu wao kalenda yao wanairekebisha. Yetu imeachwa itembee yenyewe.

"Na ukishaujua Mwaka," mjomba akasema, "unahesabu miongo. Siku kumi, mwongo mmoja. Siku kumi, mwongo wa pili." Ndivyo mkulima na mvuvi walivyojua lini wapande na lini upepo utageuka, bila karatasi. Mwanangu akahesabu kwa vidole akagundua miongo ni 36 na siku tano zinabaki. Mjomba alifurahi sana, akamshika kichwa. Akamwambia, hizo tano ndizo za kufungia mwaka.

Alfajiri ya Siku yenyewe tulikwenda pwani kukoga. Jina lenyewe ndilo hilo, Mwaka Kogwa, mwaka unaokogwa. Julai ni kipupwe, maji ni ya baridi hata kwetu, na maji yalikuwa yametoka, tukatembea mchangani mbali kabla ya kufikia ya kutosha. Mwanangu mdogo, wa miaka mitano, alilia kidogo. Bibi mmoja jirani akamchotea maji kwa mkono, akampaka usoni taratibu, huku anamsemesha kwa Kikae, lugha ya huku, ambayo wanangu hawaijui. Akanyamaza, akamtazama tu. Iliniuma kidogo kwamba hakuelewa alichoombewa. Mimi nilielewa. Aliombewa afya na aliombewa arudi.

Tuliporudi nyumbani wifi alikuwa jikoni. Tulikuwa tumeshasalimiana jana yake, salamu ya mlangoni, na kanga nilikuwa nimempa mbele ya watu, akasema asante, akaiweka. Mama alikuwa amekaa kwenye kibao chake anachambua mchele. Pembeni amepanga nazi kumi na mbili zilizofuliwa na mbuzi moja ya kukunia. Nyumba ina mbuzi mbili, nazijua, nimekua nazo. Nikauliza ya pili iko wapi. Mama akasema ameiazimisha. Akainuka, akachukua mchele wake akaenda zake uani.

Basi tukafanya zamu. Mmoja anavunja, mwingine anakuna, ikimalizika nazi tunabadilishana. Wifi anavunja vizuri sana, pigo moja la mgongo wa panga katikati ya nazi, anaigeuza, pigo la pili, inafunguka vipande viwili sawasawa na maji hayamwagiki, yanaingia kwenye kikombe cha watoto waliopanga foleni mlangoni. Mimi nimezoea nazi ya kopo. Nazi ya kwanza nilikuna mpaka nikafikia lile ganda la kahawia, na wifi akasema, bila ukali, "Simama hapo, utaharibu tui." Ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza ya kweli kati yetu kwa miaka miwili.

Nazi ya tatu, ya nne, kimya. Sauti ya mbuzi tu. Nazi ya tano mkono wangu ulianza kuteleza, akaniambia nikae upande, goti lishike kibao. Nazi ya saba nikamuuliza wifi, mama alikuwa akigeuzwa mara ngapi kwa usiku, wakati ule anaumwa.

Alikaa kidogo. Akasema, "Mara nne. Tano akiwa na homa."

Kila usiku, wiki sita, na mtoto mchanga mgongoni. Nilikuwa sijawahi kuuliza. Nilikuwa nimeuliza juu ya dawa, juu ya risiti, juu ya daktari kasema nini. Nikamwambia, "Wifi, lile neno lako lilikuwa la kweli. Langu ndilo lilikuwa baya. Nisamehe." Akasema na yeye alisema kwa uchovu. Machozi yalinitoka, na yeye yakamtoka, na mikono yote ina nazi kwa hiyo hakuna aliyeweza kujifuta. Tukaendelea kukuna. Ya nane mpaka ya kumi na mbili sizikumbuki zilikwishaje, maana tulikuwa tunazungumza. Alikamua tui la kwanza kwenye kifumbu, zito, jeupe, akaninyooshea kijiko nionje chumvi ya mchuzi kama alivyokuwa akifanya zamani alipoolewa.

Mchana tukaenda Kae Kuu. Uwanja umejaa, watu wa mjini wamekuja kwa magari, vumbi, kelele, vijana wameshika mabua ya migomba mabichi. Upande wa kaskazini na upande wa kusini, wanaume wanapigana. Ukiona mara ya kwanza unaogopa. Mume wangu alinishika mkono. Lakini bua la mgomba ni maji matupu, linapiga kishindo kikubwa na kupasuka, na mtu anabaki na utomvu mgongoni. Anayekuwa na kinyongo na mwenzake anakitoa hapo, mbele ya kila mtu, na kikishatoka pale harudi nacho nyumbani. Nilimwona kaka yangu anapigana na mtu ambaye mwaka mzima hawakuelewana kwa habari ya ngalawa. Walipigana mpaka mabua yakawa nyuzi. Kisha wakasimama wanahema, kaka akamfuta yule bwana utomvu shingoni kwa shati lake.

Wanawake wakati huo tunazunguka tukiimba, na nyimbo zetu nazo zina makali yake. Wifi alinifuata nikiwa natafuta kanga ya kujifunga. Alikuwa na ile doti. Alikuwa ameikata. Kipande kimoja amekivaa yeye, cha pili akanipa mimi, pindo bado halijakunjwa, nyuzi zinaning'inia. Tukaingia kwenye mzunguko tumevaa jina moja.

Halafu kibanda. Kinajengwa kwa miti na makuti, wazee wanaingia ndani, kinatiwa moto nje. Makuti makavu yanashika mara moja, moto unaruka juu, na kwa dakika hivi moyo wa kila mtu unasimama, mpaka wanachomoka mbio kutoka kwenye moshi na uwanja mzima unapiga kelele. Mwanangu mkubwa alinivuta kanga akauliza kwa nini wanaingia kama wanajua kitachomwa. Mjomba alikuwa karibu, ndiye aliyejibu: ili tujue nyumba ya mtu ikishika moto mwaka huu, hatoachwa ndani. Wazee wakawa wanatazama moshi unaelekea wapi, maana humo wanausoma mwaka ujao. Sikuwauliza wameona nini.

Tuliporudi, mlango wa mama ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa palepale alipokaa mwaka jana. Wali wa nazi, kuku, pweza wa mchuzi, sinia tatu kwenye mkeka. Tulikuwa wanne wa Dar, lakini mume wangu alikuwa ameshazoeana na vijana wawili kutoka Mwanza uwanjani, akaja nao, na wao wakaja na dereva wao, na dereva akamwona mwalimu wake wa zamani anapita njiani akamwita. Mama alikuwa anahesabu, nilimwona midomo inacheza. Walipofika wanane akaacha kuhesabu akaanza kuwaambia wasogee, wale, wasione haya.

Hayo yalikuwa juzi. Jana na leo zimekuwa za ngoma na kutembeleana, nyumba hii mpaka nyumba ile, kila nyumba sahani, na huwezi kukataa. Watoto wangu wamejifunza maneno manne ya Kikae na wanayasema kila dakika. Mdogo amesema anataka kukoga tena kesho alfajiri, safari hii halii.

Mbuzi ya pili imerudi. Nimeikuta jioni nyuma ya pipa la maji, imefunikwa gunia, na sidhani ilitoka nyumbani hapa hata siku moja. Mama nilipomtazama aligeukia mchele wake.

Wifi ananiita ndani. Anasema kuna nazi tatu zimebaki na asubuhi kuna wageni wa kutoka Jambiani.