Digrii ya historia kwa meza ya mikopo

Hii ilikuwa 2014, Kisumu, nikiwa karani kwa Sacco moja baada ya kutarmaki sana na digrii yangu ya historia kutoka Chuo Kikuu cha Maseno. Wenzangu karibu wote walisoma uhasibu ama komasi, na kila mara naulizwa, wewe na mambo ya Mau Mau, na hii mikopo, wapi na wapi?

Sasa ikaja faili ya mama anauza omena, wale dagaa wa ziwa, soko la Kibuye. Anataka elfu 100 Agosti ikianza. Ilikuwa inaenda kukataliwa juu hana pesilipu na mauzo yake yanarukaruka, wiki hii poa, ile ingine karibu sufuri. Nikaomba daftari lake. Ni lile la shule, linanuka samaki, ameandika kwa biro ya bluu debe ngapi zimeingia na zimetoka kwa bei gani, tarehe kwa tarehe, hata zile siku hakuuza ameandika "hakuna". Mimi hapo nikasikia niko nyumbani kabisa. Historia ilinifunza usiamini karatasi moja peke yake, itafutie ingine ziongee, na kabla useme mtu ameandika vibaya ujue anaishi aje. So nikaweka daftari kando ya stetimenti ya M-Pesa, nikampigia simu. Akacheka, "Nyathina (mtoto wangu), si uangalie mwezi!"

Nikachukua kalenda ya ukutani ile inaonyesha mwezi mpevu na jamani kila kitu kikakaa. Omena huvuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwaka haziji kwa taa vizuri, ndio maana mauzo yanashuka kila mwezi ukijaa na kupanda giza likirudi. Na lile shimo kubwa la Aprili mpaka Julai ni ile miezi serikali hufunga uvuvi wa omena. Biashara ilikuwa nzima, inafuata ziwa tu.

Nikaandikia kamati ya mikopo ukurasa mmoja. Apewe miezi 8, Agosti hadi Machi, amalize kabla ziwa lifungwe. Kila mwezi 12,500 na juu yake riba ya asilimia 1 ya salio, riba yote inakuja 4,500, na ingehesabiwa kwa mkopo wote bila kupunguza salio ingekuwa 8,000. Hesabu nilifanya kwa mkono mstari kwa mstari, nilitaka kuona kila shilingi inatoka wapi.

Mwenyekiti akasoma mara mbili, akauliza maswali mengi kuhusu mwezi kuliko kuhusu riba, na mkopo ukapita. Kabla nitoke akaniambia faili za wafanyabiashara wa samaki zikuje kwa meza yangu, halafu akauliza CPA, ile kozi ya uhasibu, naanza lini. Nikamwambia naenda kujisajili KASNEB, wale wa mitihani ya CPA, hiyo wiki.